Mto Mara: tusiitwe siku ya kuokota makopo tu

Mwezi Machi 2022 watu wanaokaa karibu na daraja la Kirumi, pale barabara ya Musoma kwenda Tarime inapovuka mto Mara, walishuhudia maji yamegeuka. Yalikuwa meusi, yananuka, na samaki waliokufa walikuwa wanaelea juu. Serikali ilizuia watu wasiyatumie maji yale kwa muda. Mama aliyezoea kuchota mtoni alirudi na ndoo tupu, na mvuvi alikunja nyavu zake. Ng'ombe hawakujua kusoma tangazo, wakaendelea kunywa.

Ikaundwa kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya siku chache ilitoa taarifa yake: kilichoua samaki ni upungufu wa hewa ndani ya maji, uliosababishwa na kinyesi na mkojo wa ng'ombe zaidi ya 300,000 waliokuwa wakichungwa katika ardhioevu ya mto, pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ilicheka. Watu walitaniana mitaani na kwenye simu kuhusu mkojo wa ng'ombe. Na hapa kwetu Mara wengi walikasirika, maana tangu zamani ng'ombe wapo na mto upo, na huko juu kuna mgodi mkubwa wa dhahabu. Walijiuliza kwa nini lawama imwendee mfugaji.

Mimi nataka kusema jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. Kinyesi kinaweza kuua samaki, hilo si uongo. Lakini wananchi nao walikuwa na haki kamili ya kutoamini, kwa sababu hawakuwa na kipimo chao hata kimoja cha kulinganisha na kile walichoambiwa. Walikuwa na macho na pua, basi. Kamati ilipofika, maji meusi ya siku ya kwanza yalikwisha teremka ziwani. Maji hayasubiri kamati.

Kwanza tuelewe samaki hufaje

Samaki anavuta hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini. Takataka za mimea na wanyama zinapooza, vijidudu vinavyoziozesha navyo hutumia hewa hiyo hiyo. Takataka zikiwa nyingi, vijidudu huimaliza hewa, samaki akakosa. Maji ya namna hii huwa meusi na mara nyingi hunuka kama yai viza. Jambo hili hutokea hasa mvua ya kwanza inapoanguka baada ya kiangazi kirefu, ikasukuma kwa pamoja uchafu wote uliolala katika mafunjo na madimbwi.

Mto Mara wenyewe una ushahidi. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Christopher Dutton walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa miaka kadhaa upande wa Kenya, katika mbuga ya Maasai Mara. Walikuta kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa sehemu ile humwaga mtoni kiasi cha kilo 8,500 za mavi kila siku, na kwamba mto unapojaa ghafla na kuyasukuma mavi yaliyotuama madimbwini, samaki wa sehemu za chini hufa kwa kukosa hewa. Huko hakuna mgodi. Kwa hiyo anayecheka habari ya kinyesi anacheka jambo la kweli.

Lakini sasa nikuulize, ndugu msomaji: utajuaje kwamba safari hii ni kukosa hewa na safari nyingine ni sumu? Wavuvi wetu wangeweza kusaidia sana kujibu swali hili, kama kuna mtu angewauliza. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa kwa mapafu kama sisi. Kambare naye anaweza kuvuta hewa ya juu. Sato, ningu na sangara hawawezi. Basi kama waliokufa ni sato na ningu, na kamongo anaonekana mzima, dalili yaelekea kwenye ukosefu wa hewa. Kama kamongo, kambare, vyura na vidudu vya majini wote wamekufa, yafaa kushuku sumu mara moja. Kama vifo vilionekana alfajiri, wakati hewa ya majini iko chini kuliko saa zote, hiyo nayo ni dalili. Hizi hazitoshi kuwa hukumu, lakini ni ushahidi ambao profesa anayefika baada ya juma moja hawezi kuupata mahali pengine isipokuwa kwa mvuvi aliyekuwapo. Mvuvi huyo asipoandika siku ile ile, baada ya juma atakuwa anasimulia alichokiona pamoja na alichokisikia kwa wenzake, na huwezi tena kuvitenganisha.

Mto mmoja, majirani wengi

Mto Mara una urefu wa kilometa zipatazo 395. Unaanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, halafu unaingia katika mabwawa ya mafunjo kati ya Tarime, Rorya, Serengeti na Butiama, na mwishowe unamwaga maji ziwani karibu na Musoma. Sehemu kubwa ya bonde lake, kama theluthi mbili, iko Kenya. Sisi wa Butiama na Musoma tuko mkiani. Kila kinachomwagwa juu, kiwe mbolea, dawa ya mimea, maji ya choo cha hoteli au maji ya mgodi, kikiwa hakikunaswa njiani kinakuja kwetu.

Mmoja wa vijito vinavyouingia mto huu upande wetu ni Tigithe, huko Tarime, karibu na mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia Tigithe. Wananchi walilalamika kwamba watu walipata vidonda vya ngozi, mifugo ilikufa, na wengine walisema hata watu walikufa. Kampuni ilikana kuhusika na vifo hivyo. Kuhusu uvujaji ilitaja mvua nyingi na wizi wa plastiki iliyotandikwa bwawani. Mwaka ule ule wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Norway na wenzao wa Dar es Salaam walipima udongo, tope na maji kuzunguka migodi ya Geita na North Mara, wakakuta baadhi ya sehemu zina aseniki nyingi kupita kiasi. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, liliupiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakivuja kutoka bwawa la mabaki, na mwezi Julai likazuia bwawa hilo lisitumike. Septemba 2019 kampuni ya Barrick iliutwaa mgodi moja kwa moja mikononi mwake, na zuio likaondolewa.

Nimeyataja haya si kwa kuchochea ugomvi. Nimeyataja ili ionekane kwa nini mwaka 2022 watu hawakuamini habari ya ng'ombe. Mtu aliyekwisha kuungua na uji hupuliza hata maziwa baridi. Na tuwe wa kweli: kati ya 2009 na 2019 ni miaka kumi. Katika miaka hiyo, mwanakijiji wa pale alikuwa anasikia matokeo ya vipimo kwa kupitia uvumi, au kwa mgeni aliyekuja na kamera.

Sumu isiyoondoka kwa kuchemsha

Katika kurasa za afya tumezoea kufundishana: chemsha maji. Ni ushauri mzuri kwa kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini aseniki na zebaki haziondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha sana maji yakapungua, sumu iliyobaki inazidi kuwa nzito katika kile kilichobaki. Kichujio cha kitambaa hakisaidii, wala vidonge vya kutibu maji. Haionekani kwa macho, na maji yenye aseniki yanaweza kuwa maangavu kama ya chemchemi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 ya aseniki katika lita moja. Ukizidi kiasi hicho kwa miaka mingi, ngozi huota madoa na ugumu viganjani na nyayoni, na hatari ya saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu huongezeka. Kinachotisha ni kwamba ugonjwa huja taratibu sana, hata mtu hakumbuki alikunywa wapi.

Asidi yenyewe hutoka wapi? Mawe mengi yenye dhahabu yana salfa ndani yake. Yakiwa chini ya ardhi hayana shida. Yakifukuliwa, yakakutana na hewa na mvua, hutoa asidi ya salfa, na asidi hiyo huyeyusha metali zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe. Kazi hii haikomi mgodi unapofungwa. Lundo la mawe linaweza kutoa asidi miaka mingi baada ya mwenye mgodi kwenda zake.

Sayanidi ni tofauti. Ni kali, inaua upesi, lakini jua na hewa huivunja. Zebaki haivunjiki kamwe.

Na sasa tuje nyumbani

Ni rahisi kunyoosha kidole kuelekea Tarime. Lakini Butiama tunayo Buhemba, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, na mgodi mkubwa wa mwisho pale ulifungwa katika miaka ya 2000 ukaacha mashimo na malundo ya mabaki. Bunda tunayo Kinyambwiga. Vijana wetu, na akina mama wengi wanaoponda na kuosha mawe, wanafanya kazi katika mialo hii. Wanasaga mawe kwa karasha, wanaosha, wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu ili ikamate dhahabu, kisha wanachoma. Udongo uliobaki, yaani marudio, huuzwa kwa mwenye vati ambaye huumwagia sayanidi kutoa dhahabu iliyobaki. Na marudio hayo yana zebaki ndani yake tayari. Zebaki ikikutana na sayanidi huyeyuka na kusafiri na maji kwa urahisi zaidi.

Ninasema haya kwa masikitiko, maana nawajua watu wa namna hii na najua ada za shule zinalipwa na nini. Lakini yule anayechoma zebaki jikoni, mtoto akiwa mgongoni, anamvutisha mtoto moshi ambao hauna harufu. Moshi huo hudhuru ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, mtu huwa mkali bila sababu. Kwa mama mjamzito hatari inamfikia aliye tumboni. Basi mtu akiniambia kwamba wananchi washirikishwe kuusafisha mto, namjibu: ndiyo, na tuanze kwa kuchomea mbali na nyumba, kwa chombo cha chuma kilichofunikwa chenye bomba la kukamata mvuke, ili hata zebaki yenyewe irudi kutumika. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Makubaliano ya mezani hayajafika mwaloni.

Nijibu hapa swali ninaloulizwa mara nyingi: je, tuache kula samaki? Hapana. Vipimo vya samaki wa Ziwa Victoria vilivyofanywa katika miaka ya 1990 na 2000 vilikuta kiasi kidogo cha zebaki, chini ya kikomo kinachokubalika. Dagaa na sato ni chakula bora kwa mtoto. Lakini vipimo vya zamani haviwezi kusema juu ya leo, na mtu anayeishi jirani na mwalo na kuvua katika dimbwi linalopokea maji ya mwalo huo hayumo katika hesabu ya samaki wa katikati ya ziwa. Huyo anahitaji kupimiwa dimbwi lake.

Jina hilo la Minamata linatoka katika mji mdogo wa wavuvi nchini Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki katika ghuba yao tangu 1932. Paka walianza kuyumba na kuanguka baharini, kisha watu wakapooza. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini Serikali ilichukua mpaka 1968 kukubali wazi kwamba chanzo ni kiwanda. Miaka kumi na miwili! Wakati wote huo wavuvi walikuwa wanasema. Kusafisha nako hakukuwa mchezo: tope lenye sumu lilivutwa na kufukiwa kuanzia 1977 hadi 1990, na ghuba ilitangazwa salama mwaka 1997. Watu wa Minamata walioona paka wakiyumba walikuwa na ushahidi kabla ya daktari yeyote. Walichokosa ni mtu wa kuuchukua ushahidi wao kuwa kitu.

Kushirikishwa maana yake nini?

Kila tarehe 15 Septemba tangu 2012 kuna Siku ya Mara, inayoadhimishwa kwa zamu, mwaka mmoja Kenya na mwaka mwingine Tanzania. Hupandwa miti, huimbwa ngonjera, hutolewa hotuba, watoto wa shule huokota makopo na mifuko ya plastiki kandokando ya maji. Sina ubaya nayo. Mti ni mti, na kopo likiondoka mtoni ni jambo jema. Lakini naona tumezoea kwamba mwananchi akishirikishwa katika habari ya mto, anashirikishwa kwa jembe na gunia. Akimaliza kuokota, wenye suti wanaingia ukumbini kujadili vipimo.

Tena yapo mambo ambayo mwananchi hapaswi kuitwa kuyafanya kwa mikono yake. Tope la bwawa la mabaki, au marudio ya Buhemba, si takataka za sokoni. Kuwapanga vijana na koleo na ndala wakazoe lundo lenye aseniki, eti ni kazi ya kujitolea, ni kuwaumiza. Lundo la namna hiyo husafishwa na mwenye lundo, na kama mwenye lundo ametoweka, na Serikali, kwa mitambo na mavazi ya kujikinga: hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi maji yasiingie, huchimbiwa mifereji ya kuzuia mvua isipite juu yake, huzungushiwa ua ili mbuzi na watoto wasipande. Kazi ya wanakijiji ni kuhakikisha linafunikwa kweli, na kuujua mpango kabla haujatiwa saini.

Nchini Marekani wana sheria ya mwaka 1980 ya kusafisha sehemu zilizochafuliwa na viwanda. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1986, waliongeza kifungu ambacho mimi nakihusudu: kikundi cha wananchi wanaokaa karibu na sehemu hiyo kinaweza kupewa ruzuku, mwanzoni mpaka dola 50,000, wakaajiri mtaalamu wao wenyewe. Kazi ya mtaalamu huyo ni kuwasomea wananchi taarifa za kampuni na za Serikali, na kuwaambia kwa lugha yao zinasema nini na zimenyamazia nini. Si kwamba wataalamu wa Serikali ni waongo. La hasha. Ila mtu akiumwa anaruhusiwa kutafuta daktari wa pili, na hakuna anayesema amemtukana wa kwanza.

Kwetu fedha za namna hiyo zingetoka wapi? Migodi mikubwa hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. North Mara hulipa halmashauri ya Tarime, kwa kuwa mgodi upo Tarime. Ni haki yao. Lakini mto hausimami mpakani kuulizwa kibali. Rorya, Butiama na Musoma wanapokea maji, hawapokei ushuru. Naona ni jambo la madiwani wa wilaya zote hizi kukaa pamoja, na mkoa kuwa msuluhishi, watenge fungu dogo la kudumu la kupima maji, likiwa nje ya mikono ya mgodi na nje ya mikono ya halmashauri moja. Najua litapingwa. Kila halmashauri ina madawati ya kutengeneza na zahanati isiyokwisha. Lakini gharama ya kupima chupa ishirini za maji kwa mwaka haiwezi kulinganishwa na gharama ya wilaya kukosa maji kwa wiki tatu.

Sheria tunazo, wenye kuzitumia ndio wachache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kijiji kinatakiwa kuwa na kamati ya mazingira. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji chini ya bodi ya bonde, na kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Tena Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuandika barua kuomba matokeo ya vipimo vya maji ya mto wao? Karatasi moja, kalamu, na nakala ibaki nyumbani.

Ila nisiwapake mafuta wanakijiji wenzangu kwa mgongo wa chupa. Meta hizo 60 nani anazilima? Si mgodi. Ni sisi, kwa mahindi na mboga, na tunapofyeka mafunjo tunaondoa chujio lenyewe, maana mizizi ya mafunjo hunasa tope na sehemu ya metali kabla maji hayajafika ziwani. Ng'ombe wakati wa kiangazi nani anawaingiza bwawani kwa maelfu? Ni sisi, kwa sababu malisho mengine yamekwisha. Kumfukuza mfugaji bila kumchimbia lambo ni kumsukuma arudi usiku. Hili linahitaji mazungumzo ya wafugaji, wakulima na wavuvi katika kikao kimoja, na nimeona vikao vya namna hiyo vikivunjika mara nyingi kwa sababu kila mmoja amekuja na kidole cha kumnyooshea mwenzake. Labda tungekuwa na daftari mezani lenye tarehe na vipimo, vidole vingepungua.

Daftari la mto

Basi napendekeza jambo dogo, ambalo jumuiya ya watumia maji, kikundi cha wavuvi wa mwalo au shule ya sekondari iliyo karibu na mto inaweza kulianza bila kusubiri mfadhili. Ni daftari. Mara moja kwa juma, siku ile ile na saa ile ile, watu wawili wanakwenda mahali palepale. Wanaandika rangi ya maji, harufu, kina kwa mti uliowekwa alama, mvua iliyonyesha, ng'ombe wangapi wako ukingoni, samaki gani wamepatikana. Wakiweza kununua vipande vya karatasi vya kupimia asidi, wachovye kimoja. Wageuze mawe matano ya chini ya maji waangalie vidudu. Vile vidogo vyenye nyuzi tatu mkiani havivumilii maji mabovu; vikitoweka, na wakabaki minyoo myekundu tu, kuna jambo. Huko Afrika Kusini wanafunzi hupima mito kwa njia ya vidudu, na matokeo yao hukubaliwa kuwa dalili ya kufuatilia.

Faida ya daftari inaonekana siku ya balaa. Kiongozi akija na kusema mto huu ndivyo ulivyo kila mwaka, unafungua kurasa za mwaka jana. Na mtu akija kupiga kelele kwamba mgodi umemwaga sumu, unafungua kurasa hizo hizo, na huenda ukamwambia: hapana ndugu, juma lililopita kulikuwa na ng'ombe elfu tatu hapa na mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Daftari halina upande. Ndiyo maana nina mashaka kwamba si kila mtu atalifurahia, pamoja na baadhi yetu.

Kazi hii isifanywe na wanaume peke yao. Anayejua maji yamebadilika kabla ya mtu yeyote ni mama na binti wanaochota alfajiri, na anayejua watoto wameanza kuwashwa ngozi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Hao ndio wawe wenye daftari. Zahanati nayo iandike: wagonjwa wa ngozi, wa kuhara na wa macho wametoka kitongoji gani, na wanachota wapi.

Maji yakibadilika ghafla, usisubiri kikao. Usinywe, usioge, usimnyweshe mnyama, wala usiokote samaki aliyeelea, hata kama anaonekana bado mbichi. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji, ofisa wa afya na Bodi ya Bonde siku hiyo hiyo. Halafu chukua maji mbele ya mashahidi, kabla hayajapita: sehemu moja juu ya pale palipoharibika, sehemu nyingine hapo hapo. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, simama mahali maji yanapotiririka, elekeza mdomo wa chupa juu ya mto. Tumia chupa mpya. Kwa zebaki uliza mapema maabara ya maji, Musoma au Mwanza, wakupe chupa zao, maana chupa ya soda haifai. Kila mahali jaza chupa mbili. Andika juu yake tarehe, saa, mahali na majina ya waliokuwapo. Ziweke penye baridi na giza. Moja iende maabara siku hiyo au kesho yake. Ya pili ifungwe kwa gundi, itiwe saini na mashahidi watatu, na ibaki kijijini.